Kitufe cha Kufungia Kiko Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Bosi kaleta kompyuta mpya. Si mpya tu — za aina nyingine kabisa! Zile nyembamba za rangi ya fedha, skrini na mwili kitu kimoja. Mbili: moja ya mwenzangu Ndevu Tatu, moja yangu. Ndevu Tatu ndiye aliyezichagua, na ya kwake kaiwasha palepale. Baba wa watoto watatu, kidevuni ndevu tatu, na leo kageuka mtoto yeye mwenyewe. Anaipangusa kwa shati!

Yangu bado imo ndani ya boksi. Nimesema nina kalenda ya shule mkononi, nikiimaliza nitahamia. Bosi akasema sawa, Mama Kurasa, sina haraka na wewe, ila mwisho wa mwezi zile za zamani zinaondoka. Kiwanda kizima cha uchapaji kinahamia mashine mpya.

Mwisho wa mwezi. Nikaitikia kwa kichwa kama vile ni habari njema.

Jumatano, 5 Machi

Ndevu Tatu alitoka kwenda benki, nikakaa kwenye ya kwake. Nijaribu tu.

Kitufe cha kufungia faili kiko kushoto! Miaka yote mkono wangu unakwenda kulia, juu kabisa, wenyewe, kama mtu anayejua njia ya chooni bila taa. Kunakili: kidole kidogo, kule pembeni. Huku ni kidole gumba, karibu na katikati. Nikagusa hiki, kikafunguka kile. Nikitaka kukifunga kile, sikioni kilipo. 

Kwa mwenye macho yake, haya ni malalamiko ya wiki mbili, basi, kazoea.

Niandike humu, maana hakuna pengine pa kulisema. Mimi sioni pembeni. Naona katikati tu, kama anayechungulia kwenye tundu la kitasa. Daktari kasema ni presha ya macho. Kilichokwenda hakirudi, dawa ni ya kulinda kilichobaki. Na kilichobaki nacho kinaaga.

Ile ya zamani siioni — naijua. Vidole ndivyo vinavyoona. Kazi ya kupanga kurasa naifanya kwa kumbukumbu, na ukurasa wenyewe naupitia kipande kwa kipande, kama anayepiga deki chumba kikubwa kwa kitambaa kidogo. Nikihama, hata hicho kitambaa nanyang'anywa.

Kazini hajui mtu.

Jumamosi, 8 Machi

Dada yangu mkubwa kanitia dawa ya macho, mimi chali kitandani, yeye na mdomo wake. Nikamwambia habari za kompyuta.

"Hama," kasema. "Kompyuta si mume."

"Kwani mume habadilishwi?"

"Wako ulimbadilisha? Si alijibadilisha mwenyewe!"

Tumecheka hadi dawa ikamwagikia sikioni. Kisha akakifunga kichupa cha dawa. Akauliza kwa nini nisimwambie Bosi ukweli, mtu mwenyewe muungwana. Nikamwambia huo uungwana wake ndio ninaouogopa. Atanipa kiti pale mapokezi. Atanipa soda. Watu watakuwa wananipisha kwenye korido. Nimepanga kurasa tangu enzi za kukata kwa mkasi na kubandika kwa gundi; sijui kuwa mtu wa kupishwa.

Dada kasema basi, mdogo wangu, ufe na kazi yako.

Najua hakukusudia kuniapiza. Lakini ndivyo ilivyo.

Jumatatu, 10 Machi

Kazi ya msiba. Watu wamekuja asubuhi na picha ya baba yao na karatasi ya majina, wanataka kijitabu cha mazishi ya kesho. Picha chini, wasifu kushoto, watoto wa marehemu wapangwe upande wa kulia. Watoto saba. Nimeipanga kwenye ya zamani, safi, kwa haraka. Dakika ya mwisho wakataka picha iwe kubwa kidogo, nikaivuta kidogo. Ndevu Tatu akalichukua faili kwenye mashine yake, maana ndiyo pekee inayozungumza na mtambo mpya wa kuchapia, akalipeleka.

Nikajisikia mzima. Bado naweza! Boksi nimelisukuma kwa mguu chini ya meza.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Nimejigonga kwenye mlango uliokuwa wazi nusu. Nikawahi kucheka mimi, kabla hawajacheka wao.

Jumatano, 12 Machi

Ndevu Tatu kaniita. Dada, njoo usikie maajabu. Kabonyeza sijui nini, kompyuta ikaanza kusema! Inasoma yaliyo kwenye skrini, kwa sauti. Kiswahili chake ni kama cha mtu anayesukutua. Ilipofika kwenye "ng'ang'ania" ikakwama, ikajikwamua, ikakwama tena. Ndevu Tatu alikuwa hoi kwa kicheko. Mimi pia nilicheka. 

Nikauliza kama mtu asiye na haja: hivi inaweza kukwambia picha imekaa wapi? Imepinda? Imegusa maandishi?

"Hapana, dada. Inasoma maneno. Ukurasa wenyewe hauoni."

Hakucheka aliposema hivyo.

Basi. Kwa dakika moja nilidhani pametokea njia. Ile mashine inaweza kunifanya msikilizaji. Mpangaji hainifanyi. Nikibaki, kazi yangu inaisha mwisho wa mwezi. Nikihama, siku hiyohiyo nitakayohamia. Kilichobaki ni kuchagua siku.

Ijumaa, 14 Machi

Mungu wangu.

Kaja mwanamke na kile kijitabu cha msiba. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Kakiweka juu ya kaunta, akamwambia Bosi: hesabu watoto wa baba yangu. Bosi akahesabu. Sita.

"Mimi ndiye wa saba. Kitinda mimba. Nimemzika baba yangu bila kuwa mwanawe."

Kumbe kwenye ukoo wao kuna maneno ya siku nyingi juu yake — ya mama yake, na kwamba yule mzee siye baba yake. Mzee mwenyewe alikuwa akiyakata maneno hayo kila yalipoinuka. Sasa kafa, na makaburini watu wote wameshika karatasi isiyo na jina lake. Shangazi mmoja kamwambia waziwazi: hata wachapaji wanajua.

 Bosi kasema mashine mpya, mama, faili limehama kutoka aina moja kwenda nyingine, huenda jina limemezwa njiani. Akamtazama Ndevu Tatu. Ndevu Tatu akasema atalichunguza.

Walipotoka kumsindikiza nililifungua la kwangu, lile la asili. Nikasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo, nikateremka na ile safu ya kulia. Wa kwanza, wa pili... wa sita. Chini yake, kona ya picha. Niliivuta kidogo tu! Ukingo wa picha umelilalia jina lake lote. Mashine haijameza kitu. Ni mimi. Kona ile siioni, na nilisahau kuipitia.

Nikaisogeza picha. Jina likatokea. Nikahifadhi.

Sijui ni nani aliyefanya hivyo. Ni mimi, lakini sijui ni nani.

Jumapili, 16 Machi

Sikula. Dada kanibana mpaka nikasema yote.

Nilidhani atanigombeza. Kasema: nyamaza. Mungu kakufungulia mlango wewe unataka kuurudishia? Wakiona mashine mpya ni mbovu watazirudisha, utabaki na ya zamani yako.

Nikasema, na yule mwenzangu?

"Ana macho mawili na umri bado anao. Atapata pengine."

Dada yangu huyu ndiye aliyenifundisha kusema kweli, kwa fimbo. Jioni nzima hakunitazama usoni. Au alinitazama, nami sikuona.

Jumatatu, 17 Machi

Bosi katuita. Kasema muuzaji bado anakubali kurudishiwa. Kama mashine ndizo zimekula jina, anazirudisha zote, tunabaki na zetu za zamani, na aliyezichagua na kupeleka kazi bila kuipitia ajitafutie pa kwenda. Hakulitaja jina. Hakuhitaji.

Ndevu Tatu alikuwa anatazama mikono yake. Nilimsubiri aseme neno. 

Kisha Bosi akanigeukia. Mama Kurasa, wewe ndiye mkongwe, faili lilianzia kwako. Nimelitazama, kwako jina lipo. Kesho yule binti wa marehemu anakuja, anataka kusikia kwa mdomo wa aliyepanga ukurasa, akawaambie kwao. Wewe ndiye utakayesema ilikuwaje. Utakalosema ndilo. Tubaki au tuhame.

Nilichokuwa nakiomba tangu boksi liingie, nimewekewa kiganjani. Kompyuta yangu. Vitufe vyangu. Miaka mingapi zaidi? Miwili? Daktari hakuahidi hata huo mmoja.

Na nikisema kweli, yule mwanamke atapata jibu, na mimi nitapata soda mapokezi. Kama na hiyo itakuwepo — maana faili nimelichezea. Bosi muungwana, lakini si mjinga.

Nimepiga hesabu kila upande. Hakuna upande.

Jumanne, 18 Machi

Naandika hapahapa mezani, nyuma ya karatasi mbovu, kwa ile kalamu nene. Bosi kateremka kumpokea mgeni. Siwezi kukaa na mikono mitupu.

Asubuhi nilimkuta Ndevu Tatu keshafika. Kajaza vitu vyake kwenye mfuko: kamusi, picha ya watoto, kile kikotoo chake. Nikamwamkia, akaitikia kutoka upande nisioutazamia. Nikageuka. Kasogea akasimama mbele yangu kabisa, katikati, kama mtu anayejua mahali pa kusimama.

"Dada, sema ni mashine."

Nikajifanya sielewi. Akasema taratibu, bila hasira, na ndicho kilichonimaliza:

"Ijumaa nilipotoka kumsindikiza yule mama nilikuwa nimeshalifungua faili lako kutoka mashine yangu. Niliiona picha ilivyolala. Niliporudi kulifungua tena, jina lilikuwepo. Na faili linaonyesha saa lilipoguswa."

"Mbona hukusema?"

"Marehemu baba alianza hivyohivyo. Kujigonga kwenye milango. Kucheka kabla ya watu. Mwaka mzima tulimtania." Akauweka chini mfuko wake. "Ndiyo maana nilizichagua hizi. Nilisikia zinasema. Nilidhani zitakufaa. Sikufikiria habari ya kurasa, nilifikiria macho tu."

Alizichagua kwa ajili yangu! Na mimi nimelisukuma boksi kwa mguu!

Nilimwambia siwezi kumtupia yeye lawama. Akasema: mimi nitapata kazi popote, dada. Wewe?

Wewe. Sijawahi kusikia neno dogo hivyo likiwa na uzito ule. Hakukusudia kuniumiza. Alikuwa anauliza tu.

Angenitukana ningejua la kufanya. Ningebisha, ningelia, ningesema. Huruma huibishii. Nimekaa nayo hapa kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake.

Nikisema mashine, anaondoka huyu, na yule binti atakwenda kuwaambia shangazi zake kwamba ni kompyuta. Nani atamwamini? Watasema katunga. Nikisema ni mimi, watasema nini? Kwamba kipofu mmoja alilifunika jina kwa picha. Hilo labda wataliamini. Ni la kijinga mno kutungwa.

Mistari inapandana, mwenyewe sitaweza kuisoma. Ndevu Tatu kaketi kwenye meza yake. Mashine yake haijawashwa. Ya kwangu inanguruma kama kawaida, mzee huyu, haijui lolote.

Ngazi. Viatu vya Bosi, na vingine vya kike, vya taratibu. Anamwambia karibu, mama, aliyepanga ukurasa ndiye huyu. Wamefika mlangoni.

Kiti cha wageni wamekiweka upande gani leo? Nimwache aongee yeye kwanza, nijue pa kugeuzia uso, ndipo nimwambie kwamba ni mimi