Bati la Vuli

Baba,

Shikamoo. Najua hapa gereji ulikuwa hutaki nikuite Baba, ulitaka niseme Fundi kama wengine. Leo niache niseme Baba, maana neno lililonikalisha chini siwezi kumwambia Fundi.

Nimekukosea. Si ulipokuwa hai, maana makosa ya wakati ule tulishayamaliza kwa wewe kugomba na mie kununa. Nimekukosea baada ya kukuzika. Nimekaa kimya, watu wakakusamehe kosa ambalo ni langu mie.

Ni Ijumaa, Chande na mafundi wenzake wameenda msikitini, gereji nzima niko peke yangu. Tandika imechangamka, Baba. Tangu biashara ya nje ifunguliwe magari yanashuka bandarini kila kukicha, na siyo pikapu tu. Watu wanaleta magari ya kukimbia, ya viti viwili, yaliyoishi Japani kwenye baridi, yanakuja kuzimia hapa kwetu. Chande anayaita maharusi, eti yanapendeza ila hayataki kazi. Mama yuko ndani, bado amekaa eda. Kila nikirudi ananiuliza, leo mmetengeneza nini? Namtajia gari moja moja, anaitikia kama wewe ndiye unayemsimulia.

Moja sikumtajia. Ni lile jekundu la Massawe, yule wakala wa kutoa mizigo bandarini anayekaa Kinyerezi. Lilipoingia hapa mara ya kwanza, Chande alifungua boneti la mbele akakuta tairi la akiba, akasema jamani huyu kaibiwa injini. Wewe ukaenda nyuma ya viti ukamwonyesha, injini imebanwa kwenye chumba ambacho hata mkono unaingia kwa kuomba.

Siku ile ulinifundisha kwa jiko la uani. Ukasema, jiko likiwa na mlango huku na pa kutolea moshi kule, mama yako anapika kutwa na anaimba. Ziba mlango, yuleyule atatoka anakohoa. Injini hii nayo hivyohivyo. Hewa baridi inaingilia ubavuni, kwenye mdomo ulio nyuma ya mlango wa dereva. Nusu inavutwa na injini ipate kuchomea mafuta, nusu inapooza chumba, na joto linatokea juu, kwenye nyufa za boneti la nyuma. Ikivuta hewa ya moto inavuta hewa nyepesi, isiyoshibisha, basi inakosa nguvu na inaanza kugonga. Ukasema gari likija limechemka nisikimbilie rejeta kama mafundi wa siku hizi. Niulize kwanza, hewa inaingilia wapi, inatokea wapi?

Nilijua hayo yote. Ndiyo maana nashindwa kujitetea.

Vuli ilipochachamaa, barabara ya Kinyerezi ikawa madimbwi. Mara mbili gari la Massawe lilivuta maji kwa ule mdomo wa ubavuni, chujio la hewa likalowa chepechepe, likazima katikati ya maji. Ulikata bati kwenye debe la oili, ukazungushia mpira, ukaziba ule mdomo kwa skrubu nne. Kwa mvua na mwendo wa kusuasua kwenye matope, haikuwa na neno. Injini ilipata hewa ya kupumua kwa juu. Ulimweleza Massawe kwamba umeziba maji yasiingie, na yeye akafurahi. Akakuachia gari umwangalizie na breki. Siku ya pili homa ikakulaza.

Ukiwa kitandani, mvua zikakatika. Jua likawaka lile la Desemba, mabati yanalia juu ya dari. Uliniita, ukaniambia:

"Lile bati ni la mvua tu. Gari lisitoke na jua hili kabla hujalifungua."

Nikasema, "Sawa, Fundi." Ukacheka, kwa sababu tulikuwa nyumbani. Usiku wa kuamkia kesho yake ukatutoka.

Nilikuwa ndani na wanawake walipotaka kukutoa. Baba mdogo alisimama uwanjani, akauliza kama kuna mtu yeyote aliyekosewa na marehemu, iwe kwa kazi au kwa neno, basi amsamehe, aende mwepesi. Wanaume wakajibu kwa pamoja, tumemsamehe. Massawe alikuwemo, amevua kofia, Mkristo wa watu, naye akajibu. Nilimwona dirishani. Nilijisikia vizuri, Baba. Nilisema moyoni, mzee wangu hana kesi na mtu.

Baada ya siku chache Massawe alikuja kuchukua gari. Nilikuwa nimevimba macho, kichwa hakiko. Akauliza kama liko tayari. Nikamkabidhi funguo, na maneno haya yalitoka mdomoni mwangu: "Liko tayari, mzee alilimaliza mwenyewe." Nilitaka usifiwe. Nilitaka aondoke akisema Fundi Kondo alifanya kazi mpaka siku ya mwisho. Lile bati lilikuwa linanitazama pale ubavuni, skrubu nne, na sikuliona.

Tulipomaliza arobaini, gari likarudi linakokotwa. Lilikata roho kwenye mlima wa Pugu, mchana, mshale wa joto umelala kwenye nyekundu. Kabla ya kuzima liligonga njia nzima, na harufu ya nyaya kuungua ikajaa ndani. Nilifungua boneti la nyuma. Nyaya zilikuwa zimekakamaa, mipira miwili ya maji imevimba na mmoja umepasuka. Nikainama ubavuni. Ndipo nilipoliona lile bati.

Massawe hakugomba. Angegomba ningepona. Alisema kwa upole kwamba fundi mwingine amemwambia bati lile ndilo lililoua gari, ni kazi ya mtu asiyejua. Kisha akaniambia nisijisumbue kuona haya. "Mzee alikuwa mgonjwa, dada Zuhura. Na mimi nilishamsamehe siku ya mazishi."

Chande akaitikia, eti ni kweli, mzee siku za mwisho macho yalikuwa yamepungua. Macho yako, Baba! Wewe uliyekuwa unasikia plagi mbovu gari likiwa bado liko kona ya msikiti.

Na mie nikanyamaza.

Nikuambie kwa nini, usidhani sikukupenda. Tangu uondoke, watu wanasubiri nianguke. Wenye magari wakija wanamtafuta Chande, wananiuliza mie fundi yuko wapi, na spana ninayo mkononi. Massawe ndiye anayetuletea wenzake wa bandarini. Nilijiambia, wewe umeshapita, maneno hayakufiki, mie ndiye ninayebaki kula hapa. Nilijiambia hivyo siku tatu.

Siku ya tatu jioni nikamkuta Mama amekaa peke yake, wageni wameondoka. Walikuwa wamemletea habari. Hakuniuliza kama ni kweli. Alinyoosha upande wa khanga yake, akasema, "Kumbe baba yako aliharibu gari la watu. Basi tushukuru walimsamehe kabla hajatoka hapa."

Nilitamani ardhi inimeze. Mama anashukuru! Anashukuru umesamehewa usilolitenda, na aliyelitenda amekaa mbele yake anaosha mikono ya grisi. Nilijua nikianza kwake nitalia tu, na kulia hakuondoi jina lako kwenye lile bati. Nilitaka nianze na mwenye gari.

Massawe alikuja asubuhi kuuliza kama litapona au aliuze vipande. Chande alikuwepo, na mafundi wawili wa jirani, na mwenye lori aliyekuwa anasubiri kuwekewa springi. Nikamwambia:

"Baba yangu hakukukosea. Aliniagiza nifungue bati mvua ikikatika, nikasahau, nikakupa gari. Ule msamaha wa mazishini mwondolee, haumhusu. Mwenye kosa ni mie."

Chande aliangalia chini. Yule mwenye lori akamtazama Massawe, wote tukamtazama. Massawe alizunguka gari lake mara moja, taratibu, akasimama penye bati. Nilijua anaweza kuondoka na biashara yote ya bandarini pale pale.

Akasema, "Marehemu anasamehewa. Wewe uko hai. Tengeneza."

Akaondoka kwa miguu.

Nimetengeneza, Baba. Siku tano. Nilifungua zile skrubu nne mwenyewe, Chande alitaka kunisaidia nikamkatalia. Nilibadilisha mipira, nilivuta nyaya mpya nikazipitisha mbali na ekzosi. Gasketi haikuungua, sijui ni bahati gani. Kwa ajili ya madimbwi sikuziba kitu tena. Nilivuta bomba kutoka kwenye chujio, nikapandisha pua yake juu ndani ya ubavu, hewa baridi ipite na maji yabaki chini. Ulishawahi kunichorea hilo kwa chaki sakafuni, ukasema nitakuja kulihitaji nikiwa na akili. Akili nimeipata kwa shida.

Jana saa saba mchana tulipanda Pugu. Nilitaka saa ileile, jua lilelile. Massawe aliendesha, mie pembeni, kitambaa mapajani, macho kwenye mshale. Mwanzo wa mlima mshale ukapanda kidogo. Nikasikiliza kama inagonga. Katikati ukapanda tena, akanitazama, nikamwambia asipunguze mafuta. Pale lilipozimia, mshale ukasimama. Haukupanda tena. Tukafika juu injini ikivuta kama imetoka jana kiwandani. Akaegesha, akazima, tukakaa na madirisha wazi. Hakunisifu. Aliniambia kuna mwenzake ana gari la injini ya nyuma kama hili, linachemka Chanika kila wiki, atamwambia aje. Nikauliza, aje kwa nani? Maana nilikuwa nimechoka kuulizwa fundi yuko wapi. Akasema, "Kwako."

Nililia, Baba. Nililia mbele ya mteja, kitu ulichonikataza, na sikujali.

Nakuahidi jambo moja, dogo, lakini nitalishika. Chochote nitakachokiziba kwenye gari la mtu kwa muda, sitakitunza kichwani mwangu. Nitamwonyesha mwenyewe, nitamwambia kwa mdomo wangu lini kifunguliwe na kwa nini, hata akiniona nasema sana. Na kazi yako nitaiita yako, yangu nitaiita yangu.

Mungu akupe nafasi pana, penye hewa. Sijui nisemeje kwaheri, nikikaa nakuandikia naona kama uko chini ya gari pale, miguu imetokeza. Lakini lazima nikuache sasa. Wanawake huja kumwangalia Mama baada ya alasiri, na yeye bado hajui, maana siku zote hizi nilikuwa najiambia gari lipone kwanza. Mpaka saa hii bado anashukuru. Nafunga gereji, nawahi nyumbani kabla yao. Nataka ayasikie kutoka kwangu, na wakifika, awaambie yeye mwenyewe mumewe alifanya nini na binti yake alifanya nini.

Mwanao,
Zuhura