Tumbo Langu na Mashamba ya Singe

Babati, Jumapili baada ya ibada

Kwako Baba Salome,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi. Natumaini wewe na Salome mnaamka salama, na goti la Mama limepata nafuu tangu alipoanza kuchua. Mimi nipo, kazini naenda. Ila sitaandika kwamba mimi ni mzima, maana safari hii nimekaa nikueleze ukweli wote.

Barua yako niliipata Jumanne. Niliifungua palepale posta, nimesimama. Mistari sita tu. Kwamba binamu yako dereva alipopita hapa na lori alinikuta nimekonda, na katika muda mfupi aliokaa nami niliondoka kwenda chooni mara nne. Ukauliza, "Umepima?" Halafu ukaandika kwamba Salome asije kwanza likizo ya Juni, mpaka mambo yajulikane.

Kwa swali sikukasirika. Siku hizi mtu akikonda na kuharisha, watu wote wanawaza kitu kimoja. Hata mimi niliwaza hicho hicho. Kilichonichoma ni mtoto.

Nimepima, Baba Salome. Nilipima kabla hujauliza, nikarudia tena baada ya miezi mitatu kama walivyoniagiza. Mara zote mbili sina virusi. Sikukuandikia kwa sababu niliona aibu, na niliogopa utauliza kwa nini nilikwenda kupima.

Sasa nikueleze ilivyoanza. Mkoa huu ni mpya, unajua. Ofisi nyingine bado zimepanga kwenye nyumba za watu, na kila idara inataka kiwanja chake. Sisi wa ardhi ndio tunaotangulia. Tulipoanza kupima Singe, huku pembeni ya mji, tukawa tunaingia kwenye mashamba ya watu, mahindi yamefika kiunoni, tunavuta utepe na kupigilia vigingi. Wenyewe wanasimama pembeni wanatuangalia. Hakuna aliyewaambia watapewa nini, wala lini. Na mimi ndiye mwanamke pekee, kwa hiyo wakitaka kuuliza wananiuliza mimi. "Dada, hapa mnachukua?" Ningejibu nini? Nilikuwa najifanya nasoma namba.

Basi tumbo likaanza. Asubuhi gari la ofisi likiwashwa tu, linasokota. Linajaa gesi, linakata kama kisu, halafu ni kukimbia. Na shambani utakimbilia wapi, wanaume wanne wapo na wewe? Nikaacha kula asubuhi, nikaacha kunywa maji. Ndiyo huko kukonda alikokuona binamu yako. Nilimeza dawa za amiba mara tatu, za taifodi mara moja. Ninapata nafuu wiki moja, linarudi.

Siku moja lilinishika katikati ya shamba la mama mmoja wa Kiiraqw, wanamwita Mama Safari. Tulikuwa tumeshapigilia kigingi cha tatu. Nilidondosha utepe nikaenda mbio mpaka mlangoni kwake, jasho linanitoka, nikasema, "Shikamoo mama, naomba choo." Hakuitikia. Alinyoosha mkono tu kuonyesha nyuma ya nyumba. Nilipotoka nikamkuta amesimama na kopo la maji ya kunawa. Akanimiminia mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Choo nimekupa. Shamba sijakupa."

Sikuweza kurudi kazini siku ile. Nilikaa ndani ya gari nikalia.

Kesho yake nilikwenda kwa mganga wa zahanati mmoja, mzee wa makamo, asiyeharakisha mgonjwa. Aliuliza mambo ambayo wengine hawakuuliza. Kama naona damu, nikasema hapana. Kama linaniamsha usingizini, hapana. "Na Jumapili?" Nikafikiri. Jumapili haliniumi. Akacheka kidogo. Alinipima upya choo na damu, hakuona kitu. Akasema, "Mama, utumbo wako hauna kidonda wala mdudu. Ila unashtuka upesi. Ukiwa na hofu, wenyewe unapata habari kabla yako."

Nikamwambia, "Kwa hiyo nimejitungia ugonjwa?"

"Hapana. Maumivu ni ya kweli kabisa. Lakini dawa ya amiba haiwezi kuua hofu."

Akaniagiza ninunue daftari, niandike kila siku nimekula nini, tumbo limefanya nini, na muda ule nilikuwa nawaza nini. Nisikae na njaa. Maharage na maziwa nipunguze nione. Na asubuhi kabla ya gari kuja nikae kitini, mkono juu ya tumbo, nivute pumzi taratibu mpaka mkono uinuke, niitoe taratibu zaidi. Nilimwona kama ananidhihaki. Lakini nafanya, na siku nyingine kisu kinapungua makali. Siku nyingine hapana.

Daftari ndilo lililonifumbua macho. Siku za kukaa ofisini kuchora ramani, naenda chooni mara moja au mbili. Siku za Singe, tano. Nikamfuata bosi, nikamweleza ugonjwa wangu bila kuficha, nikamwomba tuwe tunakaa na wenye mashamba kwanza, kabla ya kigingi chochote. Akasema, "Mama Salome, sisi ni wapimaji, siyo wachungaji." Ila akaniruhusu nitangulie mwenyewe siku moja kabla.

Wa kwanza nilimwendea Mama Safari. Nikamwonyesha kwenye karatasi barabara itapita wapi, nikamwambia nusu ya shamba inaondoka, na fidia sijui itakuja lini. Alinifokea sana, Baba Salome. Alinifokea mpaka majirani wakaja. Tumbo lilisokota nikadhani nitaaibika mbele yao, lakini nilivuta pumzi nikabaki kwenye kigoda mpaka akamaliza. Sikumsaidia chochote. Nusu ile ya shamba imekwenda. Nilichoacha ni kumdanganya tu.

Sijapona. Mganga ameniambia ukweli, kwamba hili huenda nikaishi nalo. Kesho tunaanza kupima Bonga, na tangu jana sina raha.

Sasa nikuambie nilichoandika kwenye daftari Jumanne ile: "Mara saba. Barua ya nyumbani." Haijawahi kufika saba, hata Singe. Sikuandikii hivi ili ujilaumu. Nakuandikia kwa sababu ningenyamaza, ningekuwa nakufanyia wewe nilichokuwa nawafanyia wale wenye mashamba.

Msalimie Mama, mwambie shikamoo, na umweleze wewe mwenyewe ugonjwa wangu ni upi, asiusikie kwa majirani. Msalimie wifi yangu fundi cherehani, na kaka yako mwalimu. Salome mwambie nimemfumia sweta, huku atalihitaji.

Majibu yangu ya kupima yapo sandukuni. Sitayatuma kwa posta. Ukiniamini, mlete mtoto Juni. Kama bado una shaka, panda basi uje peke yako. Nitakupokea stendi, asubuhi yake twende tukapime wote wawili, tukae kwenye benchi moja kusubiri.

Mkeo,
Mama Salome