Tausi Ndani ya Koti

Jules Street, Malvern,
Johannesburg.
19 Septemba 2018

Mpendwa dada yangu Hélène,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi ya huku, ambayo mwaka huu imekataa kuondoka. Mguu wako je? Bado unauma ukikaa muda mrefu pale sokoni, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Na shemeji, kikohozi kimemwachia? Sisi miili yetu ni mizima, namshukuru Mungu. Shemeji yako Égide bado analinda geti la karakana kule Doornfontein, mimi bado niko na cherehani yangu, na Chloé amenipita urefu, utadhani namwekea mbolea.

Najua umenuna. Tangu Krismasi unaniomba picha ya Chloé umwone alivyokua, nami kila siku nakujibu kesho, kesho. Hilo la picha nimeliweka mwishoni mwa barua, vumilia. Na lile onyo ulilonitumia kwenye simu Jumapili nimelipata, usidhani nimelidharau.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia karatasi kama watu wa zamani. Dada, simu naiogopa. Siku hizi mtu akisema neno kwenye simu, jioni analisikia limezunguka jiji zima na kumrudia kwa sauti yake mwenyewe. Barua hii anakuletea Mama Angélique, yule anayekuja huku kununua viatu vya jumla na kurudi Lubumbashi kwa basi. Nimemwambia aiweke kifuani, si kwenye mizigo. Tafadhali usiisome mbele ya wateja.

Naogopa, dada. Nimejaribu kulisema kwa namna nyingine nimeshindwa.

Umesikia habari za yule mtangazaji wa redio aliyeuawa nyumbani kwake mwezi wa saba. Nilikuwa namsikiliza kila asubuhi nikishona, na siku alipokufa nililia kama ndugu. Polisi wakamkamata mhasibu wake, kijana mtanashati, msomi, mtu wa hapa hapa. Mpaka leo mahakamani hajafungua mdomo, na kwa kuwa yeye hasemi, nchi nzima inamsemea. Kila mtu anajua kwa nini ameua. Kwanza ilikuwa mapenzi. Kisha ikawa fedha. Halafu ikawa kuna wakubwa waliomtuma. Kama kweli ni yeye aliyeua, hakuna hata anayeuliza. Sikufichi, nami nilikuwemo. Nilishikilia mapenzi, nikabishana na wateja mpaka nikaunguza suruali ya watu kwa pasi.

Basi Ijumaa ile ya tarehe saba wakamtoa mahakamani, wapiga picha wakamrukia, naye akalivuta koti lake akajifunika kichwa. Koti likafunuka ndani, picha zikapigwa. Mimi nilikuwa na sare za shule za kumalizia, magazeti sikuyaona kabisa.

Jumapili yake kwaya yetu ilivaa sare, kama kawaida. Tulipotoka ibadani Chloé, naye akiwa na gauni lake la kwaya, akatangulia na wenzake. Alipokuwa anavuka barabara pale kwenye roboti, taa za barabarani, mwanamke mmoja akaanza kupiga kelele kwa Kizulu akimnyooshea kidole. Watu wakajaa. Mmoja akamvuta gauni mpaka mkono ukachanika begani, mwingine akampiga picha kwa nyuma. Wenzake wakamkokota wakakimbilia kwenye spaza, na mwenye duka, Mungu ambariki, akafunga geti la chuma. Nilipofika nilimkuta amekaa juu ya gunia la unga. Nikadhani ni yale yale tuliyoyazoea, ya wageni rudini kwenu.

Jumatatu mteja akaniletea viatu vya mtoto vimefungwa kwenye gazeti. Nikalikunjua. Picha ya yule mhasibu: koti jeusi la ofisini, na ndani yake bitana ya zambarau yenye macho ya njano, macho matupu. Nikakaa chini, dada. Bitana ile niliitia mimi.

Kijana yule alipita hapa mwezi wa tano, gari lake likitengenezwa kwa fundi jirani yangu. Bitana ya koti ilikuwa imechanika kwapani, akaniuliza kama naweza kumbadilishia akisubiri. Nikamwambia nyeusi sina, nina kitenge tu. Akacheka, akasema tia chochote, huko ndani nani anaona? Nikainama kwenye mfuko wa mabaki ulio chini ya cherehani. Unanijua, mimi situpi kitambaa. Na yale si macho, ni manyoya ya mkia wa tausi. Wewe unayajua kwa sababu wewe ndiye uliyeyachagua. Ni kile kitenge ulichotutumia mwaka juzi, cha sare ya kwaya.

Sasa mapenzi na fedha vimesahauliwa. Redioni wanasema ile ni ishara. Wamemleta mtaalamu, sijui mtaalamu wa nini, akaeleza kwamba macho yale ni ya kundi la watu wanaotoa kafara, na kwamba mtangazaji aliuawa ili kundi lipate utajiri. Tangu hapo watu hawataki kusikia lingine. Wateja wangu wanalisimulia kana kwamba walikuwepo, nami nimeinamisha kichwa, natia uzi kwenye sindano ambayo tayari ina uzi.

Anayepiga kelele kuliko wote ni yule jirani fundi wa magari. Anasema akimtia mkononi mmoja wao hatangoja polisi, na si mtu wa mzaha yule. Eish, dada, suruali yake ya kazi mifuko niliitia mimi, na kitenge ni kile kile! Hajawahi kuigeuza. Kila akiingiza mkono kutafuta kiberiti, roho yangu inaruka. Nusu ya wanaume wa mtaa huu wana tausi mifukoni na hawajui. Siku nyingine ningecheka mpaka nilie.

Ile picha aliyopigwa Chloé nayo haikukaa, inazunguka kwenye simu. Wamemchorea duara jekundu, wameandika kwamba wale watu wako miongoni mwetu, wanatembea mchana kweupe. Imefika mpaka shuleni kwake. Rafiki zake wakamwonyesha, hawakujua ni yeye kwa kuwa uso hauonekani. Walikuwa wanacheka, naye akacheka nao. Alinieleza hivyo akila, bila kuniangalia. Sasa ameniomba nisiseme Kiswahili tukiwa njiani. Ana miaka kumi na minne, ananishika mkono barabarani kama alipokuwa wa miaka mitano.

Égide anataka ninyamaze. Nimemwita mwoga, lakini moyoni najua ana hoja. Makaratasi yetu yanaisha mwezi wa kumi na moja. Mgeni akijipeleka polisi mwenyewe kwenye kesi kubwa kama hii, nani atamwamini? Watasema huyu ndiye fundi wa kundi lenyewe. Watataka nitaje niliowashonea. Juzi alitaka kuuchoma mfuko wa mabaki, nikamnyang'anya, tukavutana kama watoto mpaka mfuko ukapasuka.

Kumbe hata mimi nilikuwa nimeshakubali kunyamaza. Sare zote tumezificha, na Joséline, kiongozi wetu wa kwaya, amewaambia watu waimbe na nguo zao za kawaida mpaka hili lipite. Nikajiambia litapita. Ndipo ule ujumbe wako ukaingia Jumapili jioni, na baada ya kuuona nikajua halitapita lenyewe.

Keshokutwa, Ijumaa, naenda polisi. Nachukua mabaki ya kitenge na gauni la Chloé lililochanika. Joséline atanisindikiza, Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu. Nitawaambia sijui nani aliua wala aliua kwa nini, hilo sina ninalolijua. Ninachojua ni kwamba siku ile nilikosa bitana nyeusi. Labda wataniamini. Labda watacheka. Labda wataniweka ndani. Mwisho wa mwezi ukifika hujanisikia, mpigie Égide, na Chloé umchukue wewe. Usimwachie mtu mwingine. Anapenda sombe lakini hali samaki, na akikasirika mwache kwanza, atakuja mwenyewe.

Sasa salamu. Nisalimie sana shemeji, nisalimie Mama Zabibu jirani yako na wote pale sokoni. Mwambie Gaël, bwana harusi wetu, kwamba suruali yake imekwisha na Mama Angélique anayo. Mifuko nimeitia kitambaa cheupe. Mabaki ya kile kitenge kama unayo bado dukani, yaweke mbali kidogo kwa sasa.

Nilikuahidi ile picha. Dada, unayo tayari. Fungua onyo ulilonitumia Jumapili, uliloandika chini yake kwa mkono wako: "Mdogo wangu, jihadhari na watu hawa, mfiche Chloé." Sikukasirikii hata kidogo. Picha yenyewe ina ukungu, na vitenge vinavyopita mikononi mwako kwa mwaka ni vingi mno, ungekumbukaje kimoja? Tena ulituma kwa kutupenda. Ila nakuomba, wote uliowatumia, mmoja mmoja, waambie yule msichana anaitwa nani na ni mtoto wa nani. Halafu iangalie tena wewe peke yako, pale kwenye duara jekundu, aliyegeuza mgongo, mwenye mkono uliochanika. Ndivyo alivyokua.

Mungu akulaze salama huko, nasi atuamshe salama huku.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye siku zote,

Arlène