Mfereji wa Ukurasa wa Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Lori la maji halijakuja tena. Nimeoga kwa beseni, maji hayohayo nikamwagia sukuma wiki.

Naserian amepiga simu kutoka Kajiado. Nilimfundisha fizikia, sasa anakusanya hadithi za sayansi za kuchapisha kitabu. Anataka yangu moja. Miaka arobaini naandika kwenye daftari na sijawahi kuchapishwa hata ukurasa. Niko na miaka sabini na moja. Nimefurahi kama mtoto. Nimemtumia picha za kurasa zote za ile hadithi ya mchungaji wa ng'ombe. Inatokea mwaka huu tulio nao. Nilipoiandika, ulikuwa mbali sana.

Jumanne, 4 Machi

Majibu. Mchungaji wangu ana kisanduku mfukoni. Kinamwonyesha nyasi ziko wapi, mvua itakuja lini, na kinamwezesha kuongea na mkewe aliye mbali. Naserian anasema: "Mwalimu, hii si hadithi ya sayansi. Hii ni simu."

Nibadilishe kabla ya Ijumaa jioni, ama ibaki nje. Eti simu! Nimekasirika mpaka chai ikapoa.

Jumatano, 5 Machi

Nimefungua sanduku la daftari. Za kwanza ni roketi tupu: uzito wa mafuta, kasi ya kuondoka duniani, hesabu kwa penseli kando ya ukurasa. Halafu ng'ombe wa kutengenezwa maabara. Halafu mashine zinazofikiri. Vijana wa siku hizi, kulingana na Naserian, wanaandika joto la dunia na mbegu zilizobadilishwa. Tulianza mbinguni, tumeshuka hadi shambani.

Sheria yangu darasani ilikuwa moja: kisichowezekana kisayansi hakiingii kwenye hadithi. Sasa kosa langu ni kwamba yote yamewezekana. Inachekesha. Inauma pia.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempa mchungaji ngozi ya kijani inayojitengenezea chakula kwa jua. Nimepiga hesabu. Ngozi ya mtu ni ndogo mno. Angekufa njaa kabla ya ukurasa wa tatu. Nimeichana karatasi.

Lori bado. Mama Halima wa duka la jirani amenipa mitungi miwili. "Rudisha mitungi tu, Mwalimu. Maji wachana nayo." Nimeona aibu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimesoma hadithi yote tena nikitafuta cha kukata. Ukurasa wa kumi na mbili. Mke wa mchungaji, nyumbani kwake hapa Kitengela, anafungua mfereji wa jikoni. Maji matamu yanatoka. Anajaza sufuria, anafunga, anaendelea na mambo yake.

Niliuweka bila kufikiri, vile mtu huweka mlango kwenye nyumba. Sikuuhesabu kama kitu nilichobuni. Kando yake hakuna hata hesabu moja.

Nimemwandikia Naserian: "Sibadilishi. Soma ukurasa wa kumi na mbili. Mabomba yanajulikana, pampu zinajulikana. Sayansi yote ipo. Na bado, hapa Kitengela, ni hadithi."

Saa kumi na mbili jioni. Hajajibu. Basi.

Jumapili, 9 Machi

Naserian ameandika baada ya kanisa. Hadithi inaingia vile ilivyo. Swali lake ni moja: ule mwaka nilioandika ndio huu, kwa hivyo sasa tuweke upi?

Nimechukua penseli kupiga hesabu mfereji huo utafika lini. Nikaiweka chini. Nimemwambia aache nafasi wazi.

Kisha nimerudisha mitungi ya Mama Halima.