Mtoto Anayelala kwa Umbea

Mdogo wangu na wifi,

Uji uko kwenye chupa ya chai. Nepi nimezianua, ila mbili bado mbichi, zirudisheni juani.

Wifi, asubuhi uliponiambia nipunguze sauti niliumia, nikanyamaza. Nyumba nzima ikawa kimya, na mtoto ndipo akaanza kulia mpaka sauti ikamkauka. Ulipoingia kuoga nikambeba, nikamsimulia habari za yule mteja wetu Mapozi na mume wake wa tatu. Kabla sijafika kwenye harusi, alikuwa amelala fofofo.

Huyu si tumboni alishinda nasi saluni, katikati ya mashine za kukaushia nywele na vicheko vyetu? Kimya kinamtisha. Hata baba yake alikuwa hivyo. Mama alimlaza chini ya meza ya cherehani, wateja wakibishana juu ya kichwa chake, wala hagutuki. Nyumba ilijaa watu siku zile, na mama alikuwapo.

~~Sirudi mpaka mniite.~~ Nitarudi jioni. Akilia, mpigieni soga yoyote. Wifi, mwisho wa yule mume wa tatu unaujua, lakini usimwambie. Nimemwahidi mimi.

Shangazi yake