Vita Ulivyoniachia, Shangazi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Najua sitaisikia marahaba yako, lakini ni wewe uliyenikataza kuanza maneno na mtu mkubwa kabla ya kumwamkia, hata kama nimekuja mbio kusema nyumba inaungua. Kwa hiyo nimekuamkia, na sasa naweza kuendelea.

Ulirudi nyumbani Mlola wakati wa baridi, ukungu ukiwa unakaa bondeni mpaka saa nne. Baba alikwenda kukuchukua Soni, akarudi na wewe, sanduku la nguo, maboksi ya vitabu vya historia na kompyuta uliyoifunga kwenye kitenge kama mtoto mchanga. Watu wazima walisema umekuja kupumzika. Mimi niliona miguu yako ilivyovimba, nikaona Bibi anavyopika chakula chako bila chumvi, nikaelewa kwamba mwalimu haachi wanafunzi wake Muheza katikati ya muhula ili apumzike.

Nilipangiwa kukaa na wewe kila nikitoka shule. Siku ya kwanza nilikuwa namenya viazi karibu na kitanda chako na wewe ulikuwa umeegemea mito, blanketi limefika kidevuni, kompyuta juu ya mapaja. Ulikuwa unacheka peke yako.

"Acha viazi," ulisema. "Njoo uone mfalme anavyosumbuliwa na mama mkwe."

Nilidhani ni filamu. Kumbe ni ramani, imejaa vipande vya rangi visivyo na idadi, na juu ya kila kipande kuna mtu mwenye sura, umri, wazazi, tabia na chuki zake. Wafalme wa Ulaya wa zamani, wenye ngome na mapanga. Maandishi yote kwa Kiingereza, madogo kama chawa. Nilikuuliza unashinda vipi. Ulisema mchezo huo hauna kushinda. Unaongoza ukoo tu. Mtawala wako akifa, unaendelea ukiwa mrithi wake, na kama huna mrithi, imekwisha.

"Sasa raha yake ni nini?"

"Kaa. Utaiona."

Sikuiona haraka. Mchana ule ule ulinipa mwana wa mfalme nimtafutie mke, nikamchagulia msichana mzuri kuliko wote, mwenye nywele kama mahindi machanga. Baba yake hakuwa na ardhi wala jeshi. Majirani walipotuvamia hatukuwa na wa kumwita.

"Umemwoza kwa kutazama sura," ulisema. "Haya, mwambie huyo mrembo atoke nje akawazuie."

Nilikasirika mpaka nikarudi kwenye viazi vyangu. Lakini usiku niliota ile ramani, na kesho yake nilitembea haraka kutoka shuleni. Ulinifundisha polepole, kama ulivyokuwa ukifundisha darasani, hukunipa jibu kabla sijalitafuta. Kila neno nisilolijua nililitafuta kwenye kamusi yako. Nilijifunza kwamba mtawala mdogo anayekupenda ana faida kuliko mkubwa anayekuogopa, kwamba ukimnyang'anya mtu ardhi hata wajukuu wake watakumbuka, kwamba mambo mengi hupatikana kwa harusi kabla ya kufikiria vita. Tukagawana kazi. Wewe ulichukua vita na siasa, mimi nikapewa ndoa na watoto. Mfalme alipokufa bintiye akawa malkia wetu, na ulimwita Zumbe, kama wazee wanavyomwita mtawala kwa Kishambaa, na ukimkasirikia ulimwita Mama Zumbe.

Bibi alikuwa akipita na kuni anachungulia.

"Bado mnawaoza Wazungu?"

"Bado, Mama. Leo tuna posa mbili."

"Huyu wa kushoto msimchukue. Macho yake hayatulii."

"Wamemchora tu hivyo, Mama."

"Aliyemchora kamwona."

Tulimkataa wa kushoto. Tukamwoza binti yetu kwa yule mwingine, mwenye pua kubwa na ngome tatu.

Nakumbuka zaidi siku ya kina Singano. Kila mtoto alipozaliwa kompyuta ilipendekeza jina la Kizungu, na mimi nililifuta nikaandika la kwetu. Nilifuata utaratibu wa nyumbani, mtoto wa kwanza wa kiume apewe jina la baba wa baba yake. Mume wa malkia tulikuwa tumemwita Singano. Wana wake wote walipopata watoto, kila mmoja nikampa Singano wake, kama ilivyo kwa baba zangu. Nilijisikia nimefanya kazi safi. Kisha ukaniambia, ukiwa umefumba macho kwa uchovu, "Ile ngome ya mpakani mpe mjukuu wetu Singano, yule mpole." Nikampa. Muda mfupi baadaye tarumbeta zikalia, ngome ya mpakani imeasi na jeshi linakuja kumng'oa malkia.

Ulifumbua macho. "Huyu Singano ni wa nani?"

"Ni... Shangazi, wako wanne."

"Wanne!"

"Ndiyo. Nimempa yule ambaye baba yake ulimfunga gerezani."

Ulicheka mpaka ukashika ubavu, machozi yakakutoka, Bibi akaja mbio akidhani umezidiwa. Ulipomweleza hakuona cha kuchekesha. Alisema wao hapa wanajuana vizuri tu, kuna Singano wa Bondeni, Singano Mrefu na Singano wa Kengele anayepiga kengele kanisani, na mtu akichanganyikiwa anauliza.

"Ndiyo hivyo, Mama," ulisema ukijifuta macho. "Kompyuta haikuuliza."

Sikuwahi kukuona ukicheka vile tena. Singano alizingira ngome ya malkia, na asubuhi iliyofuata wewe hukuweza kusimama. Gari lilikuja mpaka mlangoni. Baba alikubeba, ukiwa mwepesi, na mimi nilishika mfuko wa nguo. Ulipokwisha kukaa uliniita dirishani.

"Nimesimamisha vita. Usiguse mpaka nirudi. Huyu Singano nataka kumnyoosha mwenyewe."

"Sawa, Shangazi."

"Usiguse, nimesema."

Ulirudi kwa gari jingine, na sisi wanawake wote tulikuwa tumevaa kanga nyeusi. Matunda damu yalikuwa yameiva mekundu mitini, yanaanguka yenyewe njiani na watu waliokuja kukuzika waliyakanyaga. Kwaya ya akina mama iliimba kwenye manyunyu. Tulikulaza juu ya shamba, kando ya Babu. Mchungaji alisema maneno mazuri juu ya walimu, nami niliyasikiliza yote, lakini kichwani mwangu kulikuwa na sauti moja tu, yako, ukisema, "mpaka nirudi."

Sikugusa, Shangazi. Nilikuwa nachaji kompyuta, naifungua, namtazama malkia ndani ya ngome yake na askari wa Singano nje wamesimama bila kupepesa, kisha naifunga. Tarehe ya mchezo haikusogea. Nilijua wewe umezikwa, maana nilitupa udongo kwa mkono wangu. Lakini kulikuwa na mahali ambapo ulikuwa umetoka kidogo tu na kazi yako inakusubiri, na mahali hapo palikuwa chini ya ulinzi wangu.

Ndipo ukaja mkutano wa ukoo wa kuanua matanga na kugawa vitu vyako. Hakukuwa na ugomvi. Vitenge walipewa dada zako, blanketi Bibi, vitabu mimi. Baba Mkubwa akasema kompyuta aichukue Elia, mwanawe, kwa kuwa anaanza chuo Tanga na hana ya kusomea. Kila mtu alikubali, na hata mimi niliona ni haki. Ila miguu yangu ilisimama kabla sijaituma.

"Baba Mkubwa, naomba kompyuta isiondoke."

"Ya kufanyia nini, mwanangu?"

"Kuna... kuna mchezo wa Shangazi."

Watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Baba Mkubwa hakucheka. Alisema kwa upole, na upole wake ndio uliouma, "Mwanangu, shangazi yako hayumo mle ndani." Nikakaa. Sikutaka kulia mbele ya wazee.

Bibi alikuwa ameinamia mikono yake. Akainua kichwa.

"Elia aje achukue Jumamosi. Kuna vita hawajamaliza hawa."

Wazee walitazamana. Hakuna aliyemwelewa, lakini hakuna anayembishia Bibi kwenye msiba wa mwanawe.

Ijumaa, yaani jana, nilitoka shule nikaweka kompyuta kwenye meza yako ya dirishani. Bibi aliketi kitandani kwako akichambua maharage. Nilikaa mbele ya malkia muda mrefu. Nilijiambia kwamba nikiondoka bila kugusa, nitakuwa nimetii, na Elia ataifungua Tanga, atabonyeza bila kujua, na mambo yatakwenda yatakavyokwenda mbele ya mtu ambaye hakukujua ukicheka. Kisha nikabonyeza kile kitufe kirefu cha kuendesha muda. Siku zikaanza kutembea.

Sikukimbilia kutoka nje kupigana. Nilifanya ulivyonifundisha, nikamwacha Singano akae nje ya ngome mpaka chakula cha askari wake kikapungua, nikamwita mkwe wetu mwenye pua kubwa. Alikuja na watu wengi. Singano akashikwa. Kompyuta ikauliza nimfanye nini, auawe, afungwe au aachiliwe. Wewe ungemnyoosha, najua. Mimi sikuwa na hakika, nikamuuliza Bibi.

"Ni wa kwetu huyo?"

"Ni mjukuu wetu, Bibi."

"Basi arudi kwao. Ameshaona."

Nikamwachilia. Sikuona furaha ya ushindi. Nililia, Shangazi, na Bibi aliendelea kuchambua maharage yake bila kuninyamazisha, na nadhani naye alikuwa analia, maana alitupa mazima pamoja na mabovu.

Leo asubuhi Elia amekuja. Ni kijana mzuri, alileta sukari ya Bibi. Nilimwonyesha mchezo, nikamwomba asiufute. Alimtazama malkia, mvi zake na mikunjo yake, akauliza, "Huyu bibi amezeeka hivi, mbona hafi?" Nikamwambia amwache aishi anavyoweza, na siku ikifika asiogope, aendelee. Amesema likizo atakuja nayo nimfundishe, kwa sababu hajaelewa hata kitu kimoja. Nimekubali. Nimeshaanza kufikiria nitamweleza nini kwanza.

Alipoondoka nilifungua vitabu vyako nikavipanga kwenye rafu yangu. Nataka kusoma historia, kama wewe, na nikipata darasa langu sitawapa wanafunzi jibu kabla hawajalitafuta.

Nimegusa kabla hujarudi, Shangazi. Nilipobonyeza kile kitufe nilijua ninachokubali, ndiyo maana kidole kilikuwa kizito. Hutarudi. Nimeliandika neno hilo kwa mara ya kwanza, na mkono wangu haukusimama.

Nakuaga kwa heshima, na kwa upendo ambao sijui niupeleke wapi sasa.

Mimi,
Binti wa kaka yako