Aya Iliyogoma Kufutika

Dada yangu,

Shikamoo. Natumai goti la kushoto limepungua uvimbe, na kwamba shemeji ameacha kuigiza mwendo wako mbele ya wageni. Huku kwetu hatuna mgonjwa. Wifi yako anakusalimu sana, na wanao wanauliza shangazi atakuja lini, swali ambalo safari hii nina jibu lake, ila nitalifikia polepole. Tafadhali kaa chini. Nakujua, unasoma barua umesimama jikoni, na hii si ya kusoma umesimama.

Mwezi juzi hospitali ililetewa kompyuta mpya. Pamoja nazo likabandikwa tangazo: hati zote za zamani zinazofunguka zihamishwe, zisizofunguka zichomwe pamoja na disketi zake. Kazi ya kuamua alipewa mtaalamu wetu wa mitambo, bwana mpole mwenye shahada mbili, ambaye masijala nzima tunamwita Bwana Haifunguki. Alikuwa anachomeka disketi, anatazama vijisanduku na alama za kuuliza vikijaa kwenye kioo, anasema haifunguki, anaitupa kwenye ndoo. Hana ubaya yule. Kwake hati isiyofunguka haikuwahi kuandikwa.

Mimi, kama ujuavyo, kompyuta sikuisomea. Nilijifunza kwa kuharibu, na nilichoharibu nilikitengeneza kabla mkubwa hajarudi kutoka msalani. Nikajitolea kumbebea ndoo mpaka kwenye tanuri la taka, akanishukuru. Njiani ndoo ikapungua uzito kidogo. Disketi moja ilikuwa na mwandiko wangu juu yake: Kamati ya Uchunguzi, Wodi ya Wazazi. Niliitia ndani ya soksi.

Najua umeshakunja uso. Umeniambia mara nyingi tusiyafukue hayo, kwamba umeshazoea kuwazalisha majirani kwa mlango wa nyuma kama mtu anayeuza gongo. Leo nakataa kukutii. Na naomba niyaandike kana kwamba huyajui, kwa sababu nakala ya barua hii naitia kwenye jalada, na watakaoisoma hawakuwepo.

Ulikuwa muuguzi wa zamu. Jumatatu uligundua kwamba chupa za dawa kutoka ghalani zimebandikwa lebo ovyo. Ulimwendea daktari mkuu ukaomba ziondolewe zote. Alhamisi mama mmoja, siku moja tu baada ya kujifungua, akafa kwa chupa uliyomtundikia wewe, yenye lebo sahihi na dawa siyo. Kamati ikakaa. Uliitwa ukasema, ukatolewa nje, akaitwa daktari. Taarifa ilipotoka haikuwa na Jumatatu hata moja ndani yake. Ukafutwa kwenye orodha ya wauguzi, na tangu hapo, miaka ishirini na miwili sasa, umeamini kwamba daktari alikukana.

Disketi niliipeleka kwa Mama Waya, fundi wa mashine chakavu, ambaye karakana yake iko nyuma ya duka la magodoro. Aliniuliza kama ni barua za mapenzi, maana wanaume wa umri wangu wakimjia na disketi huwa ni hizo. Nikamwambia ni taarifa ya kamati. Akasema pole.

Siku ya kwanza mashine yake ilikohoa tu. Akaifungua, akafuta kichwa cha kusomea kwa pamba na spiriti, akaipuliza kama mtu anayewasha jiko. Siku ya pili disketi ikasomeka, lakini hati ikaja vilevile, vijisanduku juu ya vijisanduku. Nilitaka kukata tamaa, akanicheka. Akasema programu za siku hizi zinataka kila hati ije imevaa suti. Hii tuisome bila nguo. Akaifungua kwa programu duni kuliko zote, isiyojua hata kukoza herufi. Kurasa mbili za takataka zikapita. Halafu, kama redio inaponasa kituo, yakaanza kuja maneno. Taarifa yote ilikuwemo, kama ilivyosainiwa, hadi majina ya wajumbe.

Lakini chini ya majina, baada ya takataka nyingine, kulikuwa na aya moja peke yake. Nainakili hapa:

“Daktari mkuu alikiri mbele ya kamati kwamba muuguzi alimwarifu siku ya Jumatatu kuhusu lebo, na kwamba ni yeye aliyeelekeza chupa ziendelee kutumika hadi zitakapopatikana nyingine.”

Hakukukana, dada. Alikiri.

Mama Waya alinieleza kwamba programu ile ya zamani ilikuwa mvivu. Ukiifutisha neno kisha ukahifadhi haraka haraka, haikulitoa. Ilijiandikia tu kwamba neno hili lisionyeshwe, ikaendelea na mambo yake. Aya yetu ilifanya kama mpangaji aliyeambiwa ahame akajifungia ndani.

Nikaichapa, nikaigonga mhuri wa masijala, nikaipa namba ya jalada. Karatasi ikishapata namba, kuitoa kunahitaji karatasi nyingine, na hiyo nyingine lazima ipite kwangu. Baada ya siku nne nikaitwa mbele ya bodi ya hospitali.

Mwenyekiti wa bodi sasa ni yeye, daktari mkuu wa enzi zile. Amezeeka vizuri, mvi zimemkaa kama amezichagua dukani. Alinikaribisha kiti, akanimiminia maji kwa mkono wake. Kisha akawaeleza wajumbe, bila haraka, kwamba haya ni makapi ya mashine, na kwamba sentensi ile mtu yeyote angeweza kuiandika wiki iliyopita. Mjumbe mmoja, mama wa makamo, akauliza kama hakuna njia ya kuthibitisha. Mwenyekiti akasema njia ni moja tu, apatikane aliyeiandika na aliyeifuta, na hao baada ya miaka yote hii nani atawajua. Akasema hivyo huku akinitazama. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Alikuwa na hakika yangu kama mtu alivyo na hakika ya kiti chake.

Nikasimama, nikasema, “Aliyeiandika ni mimi. Na aliyeifuta ni mimi, kwa kuambiwa na mwenyekiti huyu.”

Ndiyo, dada. Kama bado umesimama, sasa kaa.

Nilikuwa na miezi mitano kazini, kazi uliyonitafutia wewe kwa kuwabembeleza watu. Hakunitisha. Ningependa kusema alinitisha. Alisimama mlangoni akasema aya ya tatu ni ndefu, niipunguze. Nilielewa anachotaka, na sikuuliza kitu. Nilibonyeza, nikahifadhi, nikachapa nakala sita, na chai yangu ilikuwa haijapoa. Jioni ya siku uliyofutwa ulinipikia, ukaniambia heri mmoja wetu amebaki ndani. Nilikula, nikaongeza sahani.

Na hili ujue pia: disketi ile ningeiacha iungue, ningekuwa salama mpaka kaburini. Nilitembea na ndoo ile nikiwaza hivyo, hatua kwa hatua, mpaka mlangoni pa tanuri. Sijisifu. Nakuambia tu jinsi palivyokuwa karibu.

Nimesimamishwa kazi. Barua yao ilikuwa na makosa mawili, nimeyasahihisha kwa kalamu nyekundu nikairudisha. Wamenitaka niandike kwamba nilichanganyikiwa, nimekataa. Wamenitaka nirudishe disketi, nimewaambia haifunguki, sasa wanaitakia nini. Iko kwenye baraza la wauguzi pamoja na kiapo changu, na Mama Waya atakwenda na mashine yake aifungue mbele yao. Shauri litasikilizwa tarehe kumi na saba, saa nne asubuhi, na mama yule wa makamo wa bodi ameniletea ujumbe kwamba naye atakuwepo.

Ndugu zetu watakuja kwako kusuluhisha. Watakuambia mimi ni damu yako. Usiwape chai. Kati yangu na wewe tutamaliza wenyewe, au hatutamaliza, na hilo ni lako kuamua. Lakini tarehe kumi na saba uje. Ukipenda usinisalimie. Kaa mbele kabisa, mimi nitakuwa kwenye kiti cha shahidi, na nitaisoma aya ile kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, na yeyote akinikatisha nitaianza upya.

Msalimie shemeji, na wapwa zangu uwaambie ukweli wote, kabla hawajausikia kwa watu.

Ni mimi mdogo wako,
karani wa masijala, kwa sasa nyumbani.